Namba tatu usoni mwa sili

Boda inayovuja oili nyuma ya sproketi ya mbele huletwa kwa fundi pale Kawangware 46 ikiwa weusi umeshafika kwenye buti la dereva. Fundi anafungua kifuniko, anang'oa sili kwa bisibisi, anaipangusa na kusoma: 20x34x7. Kipenyo cha shafti, kipenyo cha tundu inamokaa, unene, zote milimita. Mwenye pikipiki anatumwa kununua nyingine madukani Barabara ya Kirinyaga. Akirudi na isiyo yenyewe, nauli imeliwa.

Shida ni pale maandishi yamefutika. Wengi hupima sili kuukuu, na hapo ndipo wanapopotea. Mdomo wa mpira hutengenezwa mdogo kuliko shafti ili uibane, kwa hiyo kalipa itasoma 19 au pungufu, nawe utanunua ya 19. Ubavu wa nje nao huzidi tundu kidogo sana ili ukazane. Tena mpira uliolowa oili miaka mingi huvimba. Pima chuma: shafti, kisha tundu.

Halafu pitisha ukucha kwenye shafti, pale mdomo ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukikwama, pana mfereji, na sili mpya ya saizi ileile itavuja upesi. Wapo wanaochagua makusudi ya 19 ili ibane zaidi. Siafiki hata kidogo: msuguano unazidi, joto linakausha mpira, mfereji unachimbika. Heri kuihamisha sili milimita moja au mbili ili mdomo ukanyage chuma kizima. Hapo ndipo ile namba ya tatu, ambayo hakuna anayeijali, inapokuwa na kazi. Yenye unene wa 5 huacha nafasi ambayo ya 7 imeijaza.

Si kila injini hutumia milimita. Kibera nilimkuta fundi na injini ya zamani ya Uingereza ya kusagia unga. Hizo ni za inchi. Shafti ya inchi moja ni milimita 25.4, na tundu la inchi moja na nusu ni 38.1; sili ya 38 huenda isikazane humo inavyotakiwa, na mtikisiko unaweza kuitoa. Alikuwa ameagiza ya inchi. Alikata pakiti ya maziwa, akaizungushia ncha ya shafti ili kingo za mfereji wa ufunguo zisichane mdomo, akapaka grisi na kuitelezesha sili, upande wa springi ukielekea kwenye oili. Akaigongea ndani kwa ringi ya beringi kuukuu, polepole, kuzunguka pande zote, kisha akaivuta ile pakiti.