Mjomba Atokaye Mbinguni: Walumbe na Maadui wa Angani

Wanafunzi wengi wa Kampala wanazijua vizuri hadithi za katuni za Kijapani ziitwazo manga. Waulizwapo ni mhusika gani mbaya aliyewatisha kupita wote, aghalabu hutaja kiumbe aliyeshuka kutoka sayari nyingine, mwenye nguvu za ajabu zisizo na kipimo. Mwalimu husikiliza kwa subira, kisha hufungua kitabu na kuanza somo la visasili, kana kwamba mambo hayo mawili hayana udugu. Sisi tunaona yana udugu, tena wa karibu.

Buganda inaye adui wake wa angani tangu kale, naye ni Walumbe, mwana wa Ggulu. Ngano yake iliandikwa kwa Kiganda na Sir Apolo Kaggwa, na John Roscoe aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1911. Kintu, aliyeishi duniani peke yake na ng'ombe wake, alimposa Nambi, binti Ggulu, na baada ya majaribio mazito akapewa. Ggulu akawaonya waondoke upesi, kabla Walumbe, kaka yake Nambi, hajarudi nyumbani. Tena wasirejee hata wakiwa wamesahau kitu. Njiani Nambi akakumbuka ulezi wa kuku wake. Akarudi kuuchukua, na Walumbe akamfuata.

Hapa walimu wengi husimama, wakamlaumu Nambi, na kipindi kikaisha. Kwa maoni yetu sehemu yenye uzito inafuata baadaye. Walumbe hakuanza kuua siku aliyofika. Aliishi jirani na shemeji yake, watoto wakazaliwa, naye akaenda kuomba jambo moja: apewe binti mmoja wa kumpikia. Kintu akakataa. Akaombwa tena, akakataa tena. Ndipo watoto walipoanza kufa.

Tumewahi kusahihisha tafsiri za ngano hii zilizoandikwa na wanafunzi, na hata za walimu wenzetu. Takriban zote humwita Walumbe shetani, jini au adui. Maneno hayo yana sauti kubwa, lakini yanaiharibu kazi. Shetani hana haki ya kuomba mpishi, na anayemkatalia hatendi kosa lolote. Walumbe ni mjomba wa watoto wale, ndiye kojja kwa Kiganda, na katika mila za zamani za Kiganda kojja alikuwa na sauti na madai juu ya watoto wa dada yake. Msikilizaji wa kwanza wa ngano hii alijua kwamba ombi lile si la kipuuzi. Akajikuta katikati ya baba anayemlinda mtoto na mjomba anayedai chake, wala hakujua amlaumu nani. Fasiri neno mjomba kuwa shetani, nao utata wote huo umetoweka.

Turudi kwa Wajapani. Katika Dragon Ball ya Toriyama Akira, iliyochapishwa katika jarida la Weekly Shonen Jump tangu 1984 hadi 1995, shujaa Goku anajiliwa siku moja na mgeni aliyeshuka kwa chombo cha angani. Jina lake Raditz. Analeta habari ya kutisha: yeye ni kaka yake Goku, na Goku mwenyewe si mzaliwa wa dunia hii. Kabila lao limekwisha, wamebaki wachache mno, kwa hiyo anamtaka mdogo wake ajiunge naye. Goku anapokataa, Raditz anamchukua mtoto wake, Gohan. Kwa desturi zetu huyo ni baba mkubwa wa mtoto! Jamaa ameshuka kutoka juu, ana dai lake, baba amekataa, na mtoto ndiye anayelipa. Hatudai kwamba Toriyama alipata kumsikia Kintu. Tunalosema ni kwamba mafundi wa hadithi hizi mbili wametambua jambo moja: atokaye mbali hutisha zaidi akija na ukoo mkononi.

Hata hivyo, hatuna budi kusema kwamba Toriyama aliiachia mapema mali aliyoiokota. Goku anamkamata kaka yake kwa nyuma, Piccolo, aliyekuwa hasimu wake, anawatoboa wote wawili kwa mwali mmoja, na mambo ya udugu yanafifia. Wanaokuja baada ya Raditz wanapimwa kwa tarakimu za nguvu, kila mmoja akimzidi aliyemtangulia. Goku mwenyewe anafufuliwa mwaka mmoja baadaye. Mapigano yanasisimua, hilo hatulikatai, ila swali la kaka aliyekataliwa halijibiwi, na msomaji anasahaulishwa kwamba liliwahi kuulizwa.

Ngano ya Kiganda hailiachi. Ggulu anamtuma mwanawe mwingine, Kayiikuuzi, aje amrudishe ndugu yake. Hamtumi amwue, anataka arudishwe nyumbani. Walumbe anajificha ardhini huko Ttanda. Watu wanaamriwa wajifungie ndani na wanyamaze, lakini watoto waliokuwa malishoni wanamwona akitokeza na kupiga kelele, naye anazama tena. Kayiikuuzi anachoka. Anaaga, anarudi kwao.

Kwa hiyo tunapendekeza walimu wamwachie Walumbe ujomba wake, na hapo penye ombi la mpishi wasimame kwa muda mrefu kuliko penye ulezi. Mwanafunzi anayemjua Raditz atalielewa ombi hilo upesi kuliko tunavyomdhania. Atakayeweza kusafiri na aende Ttanda, kwenye barabara ya Kampala kwenda Mityana, akayaone mashimo yanayosemwa kuwa ndimo alimozama. Asiyeweza atalisikia jina lake papa hapa mjini, kwani shughuli ya kumaliza msiba na kumtawaza mrithi wa marehemu, ambayo ukoo mzima hukutanika kuifanya, Waganda huiita okwabya olumbe.