Mapanga Yanayohesabika

Mwezi uliopita nilisimama katika ukumbi wa hoteli moja hapa mjini, mbele ya picha yenye upana wa mlango, nikawasikia watu wazima wakilisifia kosa lake. Ilionyesha ndege ya Karavani ikipaa, Mlima Meru nyuma yake, na anga la rangi ya papai lililoiva. "Tazama ilivyo safi," alisema mama mmoja pembeni yangu. "Hata mapanga ya pangaboi unaweza kuyahesabu!" Kijana aliyeipiga akatabasamu, na kibandiko cha "imeuzwa" kilikuwa tayari kimebandikwa kwenye fremu. Nikayahesabu. Yalikuwa matatu, yametulia kama ya feni siku umeme umekatika.

Nimefuata ndege kwa kamera zaidi ya miaka thelathini, katika uwanja wa Kisongo hapa Arusha na ule wa kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, na sikulala vizuri usiku ule. Siandiki kumkomoa kijana. Naandika kwa sababu wanunuzi, waandaaji wa maonyesho na machalii wanaonunua kamera yao ya kwanza wanafundishana kwamba picha ya ndege ni nzuri ikiwa kila kitu kimeganda. Mapanga yanayohesabika ndiyo dalili ya kwanza ya picha mbovu, na ndiyo sehemu ninayoitazama kabla ya mlima, kabla ya rangi, kabla ya jina la mpiga picha.

Ndege ya pangaboi inaruka kwa sababu pangaboi linavuta. Ukiligandisha umeondoa sababu ya ndege kuwa juu, na kinachobaki ni mwanasesere aliyening'inizwa kwa uzi. Jicho la mtazamaji linalijua hilo hata kama mdomo wake haujui kulisema. Kwa hiyo lazima mpiga picha aijue kasi ya injini iliyo mbele yake, si kasi ya shata peke yake. Karavani ya mapanga matatu hupaa pangaboi likizunguka mara 1,900 kwa dakika, zaidi kidogo ya mara 31 kwa sekunde. Weka shata 1/1000 ya sekunde, panga linasogea nyuzi 11 tu, yaani limeganda. Weka 1/125, linapita robo ya mzunguko, na wengi hapo huridhika. Mimi siridhiki. Mapanga matatu yamegawana duara kwa theluthi, hivyo ili panga hili lifike pale lilipoanzia lile, lazima lipite theluthi nzima. Hesabu inakupeleka 1/95. Naweka 1/80, na duara linafunga.

Sasa tazama Q400 ya Air Tanzania ikiondoka KIA. Kila pangaboi lina mapanga sita, na linazunguka polepole zaidi, mara 1,020 kwa dakika wakati wa kupaa. Kwa sababu mapanga ni mengi, kila moja linahitaji kupita sehemu moja tu ya sita, na 1/100 inatosha. ATR 72 ya Precision nayo ina mapanga sita, mara 1,200, unaweza kupanda hadi 1/120. Twin Otter ina matatu, na 1/100 inafunga duara. Anayekuambia "piga zote kwa 1/250, utakuwa salama" hajawahi kuzitazama picha zake kwa utulivu.

Na duara likifunga kazi haijaisha. Duara zuri ni jembamba kama pumzi kwenye kioo. Lazima uone ulichokuwa unakiona nyuma yake. Kama Meru unapita nyuma ya pangaboi, mteremko wake uendelee ndani ya duara bila kukatika. Duara zito lililojaa weupe, kama sahani, ni la mtu aliyefungua apacha kupita kiasi au aliyepiga jua likiwa limeyagonga mapanga usoni. Sogea hatua ishirini, subiri ndege nyingine.

Bei ya shata ndogo ni mtikisiko, na hapa ndipo watu wanapokimbilia 1/1000. Lenzi ya milimita 300 kwa 1/80 haimsamehe mtu. Mzee aliyenifundisha, aliyekuwa na studio ya pasipoti mjini na kufunga duka kila Alhamisi mchana ili aende Kisongo, hakuanza na kamera. Alinifundisha kusimama. Miguu ielekee pale utakapobonyeza, si pale ndege inapotokea. Kiuno kijisokote kwanza kwenda kuipokea ndege, kisha kijifungue taratibu pamoja nayo, viwiko vikiwa vimebana mbavu, na baada ya kubonyeza usisimame ghafla bali endelea kuifuata mpaka ipite. Alinifanyisha hivyo wiki tatu nikiwa na fimbo badala ya kamera, nikifuata malori kwenye barabara ya Dodoma. Hata leo, katika picha arobaini, tatu zinatoka kali puani na mkiani. Mwenye kuniambia zake zote arobaini ni kali, najua ameweka shata ngapi.

Mzee alikuwa na msaada ambao vijana hawana, nao ni filamu ya polepole. Alitumia slaidi za Kodachrome 64. Kwa jua la mchana, apacha ya 11, filamu ile inakupa 1/125 utake usitake, na jioni inakushusha zaidi. Filamu yenyewe ilikuwa inamkataza kugandisha. Picha zilikuwa 36 kwa roli, kisha roli inasafiri kwa posta hadi ng'ambo kusafishwa, na wiki zinapita kabla hajajua alichokipata. Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2009. Kamera za sasa zinapiga picha ishirini kwa sekunde kwa 1/4000, na sijaona mapangaboi mazuri zaidi kuliko yale ya masanduku ya mzee.

Simu nazo zimeleta balaa lao. Kwa kuwa simu inasoma picha mstari kwa mstari badala ya yote kwa pamoja, panga linahama wakati picha bado inasomwa, na matokeo yake ni mapanga yaliyopinda kama ndizi, mengine yameachana na ndege kabisa yakielea hewani. Nimeona picha ya namna hiyo ikiitwa sanaa. Ni hitilafu ya chombo, na hitilafu haisifiwi.

Nirudi kwenye ile ya hotelini, maana nilipoisogelea niligundua kwamba kugandisha lilikuwa kosa dogo. Injini ya Karavani ikizimwa, mafuta yanarudi na mapanga yanajigeuza, makali yakielekea mbele, hivi kwamba ukiitazama ndege kwa ubavu unaona upana wote wa panga. Wakati wa kupaa hali ni kinyume: panga limelala kuukabili upepo, na kwa ubavu unaona wembamba wake. Ile Karavani "iliyokuwa ikipaa" ilikuwa na mapanga mapana kama makasia. Ilikuwa imezimwa! Nikashuka kwenye magurudumu. Miguu ya nyuma ya Karavani ni ya chuma kinachonesa. Ikiwa chini, uzito unaitanua kama miguu ya ngamia aliyebeba magunia, na ikiachana na ardhi inajikusanya na kuning'inia. Hii ilikuwa imetanuka, angani. Ndege ilipigwa ikiwa imeegeshwa, ikakatwa, ikabandikwa.

Kisha nikautazama mlima. Meru ulibomoka upande wa mashariki zamani sana, na kreta yake iko wazi kuelekea huko. Anayetoka Momella anaiona ikiwa imefunguka, na jivu la koni changa ndani yake. Kutoka KIA unaona sehemu yake. Ukiwa Kisongo, mlima uko kaskazini-mashariki yako na umekupa mgongo: pembe moja ndefu, imefungwa. Maelezo chini ya picha yalisema Kisongo. Mlima ulikuwa wazi mdomo. Mtoto wa shule ya msingi Ngaramtoni angeona kwamba ule si mlima anaoamka nao.

Wadanganyifu wote wana haraka, kwa hiyo wanaacha nyayo. Mwingine aliipindua picha ya Karavani kushoto kwenda kulia ili ndege iutazame mlima, akafuta herufi za usajili na kuziandika upya kwa ustadi mkubwa. Akasahau bomba la moshi. Bomba la Karavani liko kulia chini ya pua, na masizi yake yanachafua ubavu wa kulia. Yeye alilihamishia kushoto. Tangu hapo, picha ya Karavani ikinijia mkononi, kidole changu kinakwenda bombani kabla sijasalimia.

Kuhusu mwanga nitasema machache, ingawa waongo wengi hunaswa hapo. Tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini, na anayesimama kusini mwa njia ya kurukia anapiga ubavu wenye kivuli. Saa ya Kisongo ni saa kumi na moja jioni, Desemba hadi Februari: jua linatua magharibi likiinama kusini, liko mgongoni mwako ukiukabili mlima, na mara nyingi wingu la mchana limeshashuka kifuani mwa Meru. Saa ya KIA ni alfajiri hadi saa mbili, Meru ukiwa umewashwa kutoka mashariki na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bado hakijajifunika. Kuanzia saa nne asubuhi mbuga ile inatoa mazigazi. Njia ya mita 3,600 inachemka, na herufi za mkiani zinacheza kama zimeandikwa majini. Hakuna lenzi inayoponya hilo, hata ya bei ya Noah. Fungasha urudi nyumbani. Na uwanja wa ndege ni eneo la ulinzi: omba ruhusa kwanza, kwa barua.

Yaliyobaki nayasema bila kuyatolea hesabu. Ndege iwe inaingia ndani ya fremu, kamwe isiwe inatoka. Kupaa ni bora kuliko kutua. Herufi za usajili zisomeke: 5H ni sehemu ya sura ya ndege kama chale usoni mwa mtu. Ile Dornier ya mtafiti wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyopakwa milia ya punda na kuanguka na Michael Januari 1959 baada ya kugongana na tai, tunaijua hadi leo kwa D-ENTE yake. Jeti ni kazi nyepesi na hazinisisimui, ila naheshimu bawa la Dreamliner likipinda juu wakati wa kupaa. 5H-TCG, iliyokuja Julai 2018, ipigwe kwa mbele kidogo ili bawa lionekane, si kwa ubavu kama kitambulisho. Anga tupu la buluu ni uvivu. Vumbi ni zuri. Na picha iliyopigwa juu kwenda chini iwe na sababu: Walter Mittelholzer, Mswisi, aliirusha Fokker yake juu ya Kibo mwaka 1930, na kreta yake ulimwengu ulikuwa haujaiona kwa namna hiyo. Wewe mwenye droni una sababu gani?

Na ipo picha ambayo kila mtu Arusha anasema anayo: ile Boeing 767 ya Ethiopian iliyotua Kisongo badala ya KIA, tarehe 18 Desemba 2013. Viwanja vyote viwili vina njia inayolala mashariki-magharibi, 09 na 27, lakini ya Kisongo siku hiyo ilikuwa mita 1,620. Nimeonyeshwa nyingi. Chalii mmoja aliniuzia "ya kwake" kwa nusu bei, ndege ikigusa ardhi, moshi magurudumuni. Nikahesabu magurudumu: mawili kila mguu wa nyuma. 767 ina manne. Alikuwa na 737 ya mahali pengine kabisa. Picha njema ya siku ile, kwa kipimo changu, haihitaji moshi. Inahitaji ile ndege kubwa ikiwa imekaa nyasini mwishoni mwa njia, Karavani moja karibu yake kwa ajili ya kipimo, na lami fupi nyuma yao. Mtu akiitazama anaelewa kilichotokea bila kusoma neno.

Mzee alipokuwa anafunga studio aliniita nikachague slaidi moja. Tulikaa dirishani nikaziinua moja moja kwenye mwanga, mamia. Nilichukua Twin Otter ikiondoka Kisongo, imepigwa kwa 1/60, mkia umetikisika kidogo, kosa ambalo ningemkaripia mwanafunzi wangu kwalo. Lakini ndani ya pangaboi la kushoto, katika duara jembamba lisilo na ukingo, bega lote la Meru linapita bila kukatika, na upande wa pili linatokeza vilevile. "Umeona," alisema. Akaniambia niishike kwa pembe, nisiguse katikati.