Veda Kabla ya Kalamu: Tatizo la Istilahi za Kihindu katika Kiswahili

Kiswahili cha Mombasa kimekopa mengi kutoka Bara Hindi: gari, hundi, bima, laki, chapati. Uhusiano huo ni wa kale, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ikavuka kutoka kisiwani hadi Changamwe na kufika Kisumu mwaka 1901, iliuzidisha kwa kuleta vibarua wapatao 32,000. Hata hivyo, mikopo hiyo ni ya duka na jiko; ya ibada ni nadra. Hata mfuasi wa dini hiyo tulimwita Baniani, jina litokanalo na tabaka la wafanyabiashara. Tulimtaja mtu kwa mizani yake, si kwa imani yake.

Upungufu huu hudhihirika mtu anapojaribu kuzieleza Veda. Tukiziita "misahafu" au "maandiko", majina yote mawili yanatanguliza ukurasa na kalamu, ilhali Wahindu wenyewe huziweka katika fungu la shruti, yaani yaliyosikiwa. Rigveda, yenye tenzi 1,028, ilihifadhiwa vifuani kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa, mwalimu akitamka na mwanafunzi akirudia. Msomaji wa Likoni au Kisauni aliyehifadhi Kurani chuoni angeutambua mara moja ustadi huo, lau istilahi isingemfichia.

Kadhalika yajna. Samli na nafaka hutiwa motoni, na Agni, ambaye ndiye moto wenyewe, huzifikisha kwa miungu. Tukisema "kafara" tunaingiza maana ya kuondoa balaa, ambayo si lazima iwepo. "Sadaka ya moto" ingekaribia zaidi. Na bhakti je? Shina lake ni kugawana na kushiriki, ilhali asili ya "ibada" ni utumwa wa mja kwa Mola wake. Kufasiri moja kwa jingine ni kubadili uhusiano wenyewe.

Huenda ikasemwa kwamba neno lililozoeleka humfikisha msomaji upesi. Ni kweli, lakini humfikisha nyumbani kwake mwenyewe, si kwa jirani. Kwa hiyo mfasiri wa Bhagavad Gita, yenye sura 18 na beti 700, na ayaache maneno bhakti na yajna yalivyo, ayafafanue yanapotokea mara ya kwanza. Hundi na bima ziliingia kwa jina lake, na leo hakuna azionaye ngeni.