Kitako Kipya

Sufuria ya kwanza niliyotumwa kuipeleka kwa fundi bati niliihesabu kuwa imekufa. Kitako kilikuwa kimeliwa na moto na mchanga wa kusugulia. Mama aliifunga kwenye kanga kuukuu, akanifundisha maneno ya kusema: "Mwambie mama anakusalimu, anataka kitako kipya, hataki kiraka." Hapo ni Muheza, miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, ukiingia dukani unakuta mwenye duka na rafu zake, basi. Hata ungekuwa na fedha, sufuria mpya ungeinunua wapi?

Fundi alikaa chini ya mwembe nyuma ya soko. Mji ulikuwa na mafundi wengi, wa cherehani, wa baiskeli, wa saa, lakini ukisema "Fundi" peke yake kila mtu alijua ni yule. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli kilichozikwa nusu ardhini. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, kwa hiyo vipande vya chuma cha namna ile havikuwa ajabu kwetu, na mimi sikuwa na adabu mbaya ya kuuliza kile kilitoka wapi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Aliipokea sufuria, akaiinua kulielekea jua, akaweka uso mdomoni pake kama anayechungulia kisima. Alikuwa akihesabu matundu ya mwanga. Kisha akasema, "Hii bado." Mpaka leo sijasikia "bado" tamu kuliko ile.

Akakikata kitako kibovu kwa mkasi wa bati, mzunguko mzima, sufuria ikabaki bomba. Kitako kipya alikitoa katika ubavu wa sufuria nyingine iliyokwisha kabisa. Alikichora kwa msumari, akakikata, akakiinua ukingo kidogo kidogo kwa nyundo, akakivisha chini ya lile bomba, akaukunja ukingo juu ya ukingo, halafu akaanza kuuzungusha juu ya reli huku akigonga. Kila pigo lilitua ubavuni mwa pigo lililotangulia. Hakutumia risasi, maana alumini haiikubali risasi kirahisi. Kilichoshika pale ni ule mkunjo tu. Alipomaliza alinipa agizo: "Mwambie mama asichemshe maji kwanza. Apike uji. Uji unaziba."

Sufuria ilirudi nyumbani fupi kuliko ilivyoondoka, kwa upana wa kidole hivi. Ndivyo ilivyo: kila kitako kipya kinakula kimo. Sufuria za nyumbani kwetu zilizeeka kama watu, kwa kupungua urefu. Ile yetu ya wali ilitiwa vitako mara tatu ikaishia kuwa ya chai.

Mama alipokuwa mtoto, miaka ya 1950, kijijini chini ya milima ya Usambara, hata sufuria zilikuwa za kuhesabu. Walichota maji kwa kata ya kifuu, wakayahifadhi katika mtungi wa udongo. Mgeni aliyekuja akakaa ni debe. Mafuta ya taa yalisafirishwa kwa meli yakiwa ndani ya madebe, mawili katika kila kasha la mbao, na kila debe lilibeba galoni 4, yaani lita 18 na ushei. Neno lenyewe tumelipata kwa Wahindi. Mafuta yakiisha, maisha ya debe ndiyo kwanza yanaanza. Fundi alilitia mpini wa mti katikati ya mdomo likawa ndoo. Likitoboka, alilipasua akalinyoosha likawa paa au mlango wa banda la kuku. Lingine lililazwa ubavu, likawekewa mkaa juu na chini, likaoka mkate. Mahindi na mkaa vikapimwa kwalo, na vinapimwa kwalo hadi leo, hata pale anayekupimia ameshika ndoo ya plastiki. Wapiga debe wa stendi nao sijui kama wapo wanaokumbuka wanapiga nini.

Mama anapozungumza juu ya vyombo vya utoto wake huvitaja pamoja na watu. Mtungi wa mama fulani wa ng'ambo ya mto, ungo wa shangazi, kibatari cha yule fundi mwenye mguu mbovu. Chombo kilikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo alikuwa na kibaraza. Kikivuja, unajua uende kumgombeza nani.

Kibatari ndicho nilichokiona kikitengenezwa kwa karibu zaidi, maana Fundi aliniruhusu kupuliza mkaa. Alichukua kopo dogo lenye mfuniko wa kubana, akatoboa mfuniko kwa msumari. Akakata ukanda wa bati wenye upana wa vidole viwili, akauviringisha kwenye msumari huohuo, akapata mrija. Mrija ukapita kwenye tundu. Kisha akachomoa makaani chuma chake chenye kichwa cha shaba, akakichovya kwenye asidi, kikalia, ukapanda moshi mweupe wa kuwasha pua, na risasi ikakimbia kuuzunguka mrija kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Alikuwa mkali kuhusu urefu wa mrija. Ukiwa mfupi, alisema, mwali unakalia mfuniko, na mafuta yanapata joto, na watoto wanaungua. Mwisho alijaza maji, akakausha nje kwa kitambaa, akapakaa jivu kavu kwenye maungio. Jivu likilowa, kazi inarudiwa.

Siombi vibatari virudi. Tuliamka asubuhi na masizi puani, na namjua mtu aliyebeba kovu la kibatari maisha yake yote. Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007 na nguzo zikaanza kufuata barabara za vumbi, sikuona mtu aliyelia. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa kwa kishindo kwa sababu wajanja waliyachanganya na dizeli, zikiwa ndizo siku ambazo neno "kuchakachua" lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Kwa nyumba nyingi kibatari kilizimikia hapo. Leo mtoto anadurusu kwa taa ya jua yenye ukubwa wa kiganja, na macho yake yana heri.

Lakini Fundi hakuondolewa na umeme. Aliondolewa na plastiki, tena ilimpiga mara mbili. Kwanza ndoo na beseni nyepesi, zenye rangi, ziliwachukua wateja. Kisha mafuta ya kula yakahamia kwenye madumu, na debe, lile bati lake la bure, likaacha kufika sokoni. Waliobaki katika kazi hiyo, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji kule Nairobi, wanafua majiko, keni za kumwagilia bustani, vilishio vya kuku na masanduku ya wanafunzi wa bweni, na mabati yao wengi wanayanunua.

Mwaka jana taa yangu ya kuchaji ilikufa baada ya miezi mitano. Niliipeleka dukani nilikoinunua, kijana akaigeuza mara moja, akasema, "Hii haifunguki, mzee." Kweli haikuwa na parafujo hata moja. Nikaenda kwa fundi simu, kijana wa umri wa wanangu, ana kibanda kama kabati. Akaipasua kwa kisu, akatafuta waya uliokatika, akawasha chuma chake cha kulehemu chenye ncha kama sindano. Nikaisikia ile harufu. Risasi ikakimbia vilevile. Taa ikawaka, ingawa sasa imefungwa kwa gundi na utepe mweusi, na haina sura ya kuwekwa mbele ya wageni. Wanaosema mafundi wamekwisha waende wakakae kwenye benchi la vijana hawa.

Majuzi nilimkuta mama uani na ndoo yake ya plastiki iliyopasuka ubavuni. Nilimwambia, "Mama, nitakununulia nyingine, ni fedha kidogo." Hakunijibu. Alikuwa amekata kipande cha dumu bovu, amekilaza juu ya ufa, na anakiyeyusha kingo kwa kisu alichokipasha moto kwenye mkaa. Alipomaliza aliiacha ipoe. Kisha akaiinua kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye jua, akaingiza uso wake ndani.

"Nini?" nikauliza.

"Kamoja kamebaki," akasema, akakirudisha kisu jikoni.