Hotuba ya Wilson: Demokrasia Baada ya Bajeti

Usiku wa tarehe 2 Aprili 1917 Rais Woodrow Wilson alisimama mbele ya Kongresi kuomba Marekani iingie katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Miezi mitano tu nyuma alikuwa amechaguliwa tena kwa sifa ya kuiepusha nchi na vita hivyohivyo. Namna alivyoivuka tofauti hiyo inaonekana katika mpangilio wa hotuba.

Anaanza kama wakili. Anataja tarehe, anataja ahadi ya Ujerumani iliyovunjwa, anataja jinsi nyambizi zake zinavyozamisha meli bila onyo, hata za hospitali na zilizobeba misaada ya Wabelgiji. Hasara ya mali anaiweka kando. Shtaka lake ni roho za raia. Kisha anakubali kwamba kuzipa meli za biashara silaha, mpango wake wa Februari, hakutafaa. Hadi hapo sababu ni moja, na kwangu inatosha: asiye na upande anauawa baharini kama adui.

Kinachofuata ndicho kinachonishughulisha. Anaomba kodi, mikopo kwa Washirika waliokuwa wakipigana na Ujerumani, askari wasiopungua 500,000, na baada ya kuorodhesha yote hayo ndipo anapoeleza vita ni vya nini. Hapo anasema kutokuwa na upande hakuwezekani tena, wala hakutakiwi. Lile la kwanza nyambizi zimelithibitisha. Hili la pili halithibitishwi na meli yoyote iliyozama, na kuanzia hapa wakili anampisha mhubiri. Mapinduzi ya Urusi ya mwezi uliotangulia, yaliyomwangusha mfalme wake, yanampa nafasi ya kuuita upande wake upande wa demokrasia. Telegramu ya Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, iliyoiahidi Meksiko Texas na iliyowatia Wamarekani hasira kali, inapata sentensi moja.

Mwishoni anaazima kauli inayohusishwa na Martin Luther mbele ya baraza la Worms, 1521: hakuna njia nyingine. Ni ustadi mkubwa kuishtaki serikali ya Ujerumani kwa sauti ya Mjerumani. Lakini kauli hiyo inauficha uamuzi. Na hotuba inaficha fedha pia: mikopo anayoiomba ni ya kesho. Zaidi ya dola bilioni 2 ambazo Washirika walikuwa wameshakopa Marekani hazitajwi. Siku mbili baadaye Seneta George Norris wa Nebraska alizitaja fedha hizo waziwazi, akasema bendera ya taifa inakaribia kuchorwa alama ya dola. Seneti ilipiga kura 82 kwa 6, naye akiwa miongoni mwa wale sita.