Mkono, Kompyuta na Uamuzi Unaoahirishwa: Viumbe wa Kubuni katika Filamu Mbili za The Thing

Wahakiki wengi huieleza historia ya viumbe wa kubuni katika filamu kama kisa cha mauaji: kompyuta ilikuja, mkono wa fundi ukafa. Maelezo hayo ni mepesi mno. Katika Jurassic Park (1993) ya Steven Spielberg, sehemu kubwa ya muda ambao dinosaria wanaonekana ilitegemea sanamu za mitambo kutoka karakana ya Stan Winston. Picha za kompyuta zilichukua dakika 6 hivi. Phil Tippett, bingwa wa kusogeza vikaragosi na kuvipiga picha moja moja, alibakizwa kazini kwa sababu wahuishaji wa kompyuta walihitaji mtu aliyejua namna mnyama anavyohamisha uzito wake. Mkono ulihama, haukufa.

Kilichodhoofika ni uamuzi. Katika The Thing ya John Carpenter (1982), Rob Bottin, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 25, aliunda viumbe kwa mpira, nyaya na ute wa bandia. Kifua cha mgonjwa kinapofunguka kama taya na kuikata mikono ya daktari, taa inayommulika mwigizaji ndiyo inayong'arisha ute ule. (Neno mazingaombwe huenda likaifaa sanaa hii kuliko tafsiri zilizozoeleka, maana linahifadhi wazo la jambo linalotendwa mbele ya macho.) Mwongozaji alilazimika kuamua sura ya kiumbe kabla kamera haijawashwa, na kuupanga mwanga, ukimya na hofu ya waigizaji kuizunguka sura hiyo.

Filamu ya 2011 yenye jina hilohilo ilianza vivyo hivyo. Alec Gillis na Tom Woodruff Jr. walitengeneza viumbe, nao wakapigwa picha pamoja na waigizaji. Baadaye, wakati wa uhariri, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifunikwa kwa picha za kompyuta. Waigizaji walimtazama kiumbe mmoja, hadhira ikaoneshwa mwingine. Ulegevu unaohisiwa katika matukio hayo hautokani na uhafifu wa kompyuta. Unatokana na kutumiwa kwake kutengua jambo lililokwisha kuamuliwa.

Gillis alijibu kwa Harbinger Down (2015), iliyoanza kwa michango ya umma na kutegemea kazi ya mikono. Viumbe wake wana uzito na unyevu unaosadikika. Hadithi yenyewe, hata hivyo, ni hafifu.