Kabla Taa Nyekundu Haijawaka

Wengi huamini mtangazaji huzaliwa na koo lake, mwajiri akabaki na kazi ya kumsikia tu na kumpa mkataba. Sauti nzuri ni mtaji, sikatai. Lakini kaa karibu na kijana anayejiandaa kwa usaili wa kusoma taarifa ya habari, umtazame bila haraka. Utaona koo ndilo analolishughulikia kidogo kuliko vyote. Muda wake mwingi unaishia kwenye karatasi.

Mpwa wangu, hapa Dar es Salaam, ameitwa kwenye usaili wa redio. Ikifika saa mbili usiku hufungua TBC Taifa, daftari mapajani. Hasikilizi kama sisi tunaotaka kujua mvua imeharibu nini na mpira umeishaje. Anasikiliza msomaji amevuta pumzi wapi, amepandisha wapi, ameshusha wapi, na jina la mji wa mbali amelitamka vipi. Taarifa ikiisha, huchukua habari ya gazetini na kuishughulikia kwa penseli: mkwaju mmoja mahali pa kupumua kidogo, miwili mahali pa kutua. Neno lililobeba habari hulipigia mstari. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, maana mwanagenzi hupigia mstari kila neno zito, lakini mpwa wangu hujiruhusu moja tu kwa sentensi nzima. Juu ya Ouagadougou huandika "Wa-ga-du-gu", jicho lisije likagota hapo maiki ikiwa wazi.

Kwenye tarakimu ndiko kuna utamu wenyewe. Jioni moja nilimtungia sentensi: "Wakulima 45,000 wa pamba wameanza kulipwa madai yao." Akaipitia kimoyomoyo, akasita.

"Mjomba, hapa umenitegea."

"Nimekutegea nini?"

"Nikisema elfu arobaini na tano, aliye jikoni anaweza kusikia elfu arobaini, halafu watu watano juu yake. Nitasema arobaini na tano elfu."

Akafuta tarakimu, akaandika kwa maneno. Msomaji wa gazeti akitatizika hurudisha macho nyuma. Msikilizaji wa redio hana pa kurudi, na sentensi inayofuata imeshaanza.

Saa nazo zina mtego wake. Usaili wa namna hii mara nyingi huwa na jaribio la kutafsiri: unapewa habari ya Kiingereza na dakika chache za kuigeuza. Sasa habari ikisema tukio limetokea Jumapili, saa moja baada ya saa sita ya usiku, kwa Kiingereza hapo pana tarakimu 1. Mwenye pupa huandika "Jumapili saa moja asubuhi", akawa amelisogeza tukio saa sita mbele. Mwenye kujua kidogo huandika "saa saba usiku, Jumapili", na nusu ya wasikilizaji wakadhani ni usiku wa Jumapili baada ya chakula. Mpwa wangu huandika "saa saba usiku wa kuamkia Jumapili", kisha huuliza saa hizo ni za wapi. Kama ni za GMT, Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri. Mistari miwili ya habari, na kijana ametumia robo saa. Sijaona robo saa iliyotumika vizuri zaidi.

Baada ya karatasi ndipo mdomo. Yeye r na l humpiga chenga, kama zinavyowapiga wengi, kwa hiyo amejitungia zoezi: "Raia wa Lindi walilalamikia ratiba ya reli." (Lindi ya leo haina reli, lakini zoezi ni zoezi.) Hulisoma polepole mno, akijirekodi kwa simu, kisha hupitia maneno kama dhahabu, thelathini na ghala mpaka yasimame. Herufi p na b hupuliza maiki, basi anajizoeza kukaa upande kidogo, mdomo usielekee maiki moja kwa moja. Hata kurasa habani kwa pini: huzitelezesha moja baada ya nyingine, zisichakarishe.

Nami humtupia karatasi mpya katikati ya kusoma, kama vile habari imeingia dakika hiyo. Siku ya kwanza sauti ilimpanda. Nikamsimulia habari za Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Kenya aliyefariki mwaka 2025, ambaye kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka 1966. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi walioasi walimchukua wakampeleka studio akatangaze kwamba serikali imepinduliwa. Alisoma. Jaribio lile lilizimwa, naye akaendelea kuwa mtangazaji miaka mingi baadaye. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, akaomba karatasi nyingine.

Wanaokwenda televisheni wana mzigo wa ziada: shati lisiwe na mistari myembamba, maana hucheza kwenye skrini, na macho yasionekane yakitembea na maandishi. Hayo hufundishwa kwa siku mbili tatu. Na jopo likiuliza, "Unasikiliza kipindi gani chetu?", jibu la jumla huonekana upesi kwamba ni la kubahatisha, lakini mwenye daftari la kila jioni atataja kipindi, siku na alichokipenda, hata alichoona kina kasoro, kwa adabu.

Usaili wake uko karibu. Nawe kama nyumbani una kijana anayesoma gazeti kwa sauti peke yake chumbani, akirudia sentensi ileile mpaka inakuchosha, tafadhali punguza televisheni, umwache amalize ukurasa.